Sprusi, Seda, Koa au Mahogani? Uso wa Ukulele Unavyobadilisha Sauti na Sura

Assalam alaykum ndugu watazamaji, karibuni tena. Mezani hapa nina ukulele nne, vile vigita vidogo vya nyuzi nne, na kabla sijasema lolote nataka usikize. Usitazame, sikiza tu. Hii ya kwanza, chodi ya C, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja. Hii ya pili, chodi ileile, kidole kilekile. Ya tatu. Na hii ya nne. Mwenye hedifoni arudishe nyuma asikize tena, maana kwenye spika ya simu tofauti nyingine hupotea.

Zote nne ni saizi ya tenori, urefu wa uzi ni kama sentimita 43 kutoka juu ya shingo mpaka kwenye daraja, kile kijiti kilichogundishwa usoni kinachoshika nyuzi. Nyuzi ni za aina moja, zote mpya, zimewekwa kwenye noti za G, C, E, A. Maikrofoni haijasogea. Niko Kibokoni, Mombasa, madirisha nimefunga, feni nimezima, kwa hiyo jasho mtaniwia radhi. Kilicho tofauti ni uso, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu. Ya kwanza uso wake ni sprusi, ya pili seda, ya tatu koa, ya nne mahogani.

Kwa nini nashikilia uso na sio mgongo? Kwa sababu uzi peke yake hausukumi hewa ya kutosha kusikika hata mlangoni. Uzi hulitikisa daraja, daraja huutikisa uso, na uso ndio unaosukuma hewa. Basi fundi hutafuta ubao mwepesi, ili nyuzi ziweze kuutikisa, na papo hapo uwe mgumu, usije ukapinda nyuzi zinapouvuta. Nyuzi za ukulele si za chuma, mvuto wake ni mdogo, ndiyo maana uso wake huchongwa mwembamba sana, milimita mbili au hata chini ya hapo.

Watu wa pwani hili tunalijua kwa masikio hata kama hatujawahi kulisema. Udi mzuri wa taarabu uso wake huwa ni sprusi, na mgongo ni mbao ngumu zilizounganishwa vipande vipande. Kile kibangala cha zamani uso wake ni ngozi, na ndiyo sababu noti zake hutoka kavu na kukatika upesi. Zote ni ala za nyuzi na zote zinadonolewa, lakini badilisha uso tu usikie. Rudi kwenye rekodi za marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi wa taarabu, usikize udi unavyoitamka kila noti mpaka mwisho wake. Uso ndio unaokupa nafasi hiyo.

Kuhusu mgongo na mbavu, kuna jambo lililonifurahisha sana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha utafiti wa magita sita yaliyochongwa kwa ramani moja, yote yana uso wa sprusi, ila mgongo na mbavu ni za mbao tofauti, za bei ghali na za bei rahisi. Wapigaji 52 waliyapiga kwenye giza, wamevishwa miwani isiyoonyesha kitu. Alama walizoyapa zilikaribiana sana, na hata kuyatofautisha kuliwashinda wengi. Gita si ukulele, sawa. Lakini mwenye duka akikupandishia bei kwa sababu ya mgongo peke yake, muulize kwanza uso ni wa nini.

Haya, sprusi. Huu ndio ubao mweupe, rangi ya malai, na kadiri miaka inavyokwenda unageuka manjano. Mistari yake imenyooka, myembamba, imekaribiana. Wengine huuona hauna urembo. Mimi naupenda, na ukiwa umechorwa duara la mapambo kuzunguka tundu, pambo linaonekana vizuri kuliko kwenye ubao mwingine wowote. Sprusi ya Sitka ina uzito wa kilo 400 na kidogo kwa mita moja ya ujazo, nyepesi kabisa, lakini kwa uzito huo ni ngumu ajabu. Matokeo yake sikiza hapa: nikidonoa noti inatoka papo hapo, kali, safi. Na sasa napiga kwa nguvu... naongeza... bado. Haijachanganyikiwa. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, unaweza kuongeza nguvu nayo ikaongeza sauti. Kwa mtu anayetaka kupiga melodi, noti moja moja kwa mtindo wa udi, au anayepiga pamoja na ngoma na akodion, sprusi haitamezwa.

Seda ni jirani yake lakini tabia ni nyingine. Hii inayotumika kwenye ala hutoka magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, rangi yake ni ya hudhurungi, wekundu kidogo, na ni nyepesi hata kuliko sprusi, kwenye kilo 370 hivi. Angalia, nagusa kwa ncha ya kidole tu, sijatia nguvu, na tayari chumba kimejaa. Sauti ni nene, laini, haina ule ukali. Usiku, watoto wamelala, hii ndiyo ninayoichukua. Sasa nipige kwa nguvu kama nilivyoipiga sprusi. Umesikia? Ilifika mahali ikasimama. Nguvu nimeongeza, sauti haikuongezeka, imekuwa fujo tu. Na jambo jingine, ni ubao laini. Kucha inaacha alama. Kamera isogee hapa chini ya tundu, mnaona hizi kovu? Za mkono huu wangu. Anayepiga kwa kukwaruza nyuzi zote kwa kasi, seda haimfai, au abandike kinga ya plastiki.

Sasa hii ya tatu, na hapa nitakaa kidogo.

Koa ni mti unaoota Hawaii tu, haupatikani kiasili mahali pengine popote duniani, na ni wa ukoo wa migunga. Ukulele yenyewe ilizaliwa huko. Tarehe 23 Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Wenzao walikuja na kigita kidogo cha kwao, na hawa mafundi wakaanza kuchonga ala ya namna hiyo kwa mbao walizozikuta pale, na mbao hiyo ilikuwa koa. Mfalme Kalākaua aliipenda, ikaingia ikulu. Mabaharia na wahamiaji, ala inashuka bandarini, fundi anaichonga upya kwa mti wa pale: mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana jambo hilo linavyotokea. Kampuni ya Kamaka, iliyoanza Honolulu mwaka 1916, bado inachonga kwa koa mpaka leo.

Tazama sura yake. Nageuza polepole chini ya taa. Rangi ni dhahabu inayoingia kwenye kahawia, na yale mawimbi yanayokata ubao yanahama kila nikigeuza. Hiyo si vanishi. Nyuzinyuzi za mti zenyewe zimejipinda, kwa hiyo kila mahali panarudisha mwanga kwa upande wake. Fundi hupasua ubao mmoja katikati na kuufungua kama kitabu, ili mawimbi ya kushoto yafanane na ya kulia. Mashallah, ni ubao mzuri. Lakini sikizeni: mawimbi hayo ndiyo yanayopandisha bei, na hayaongezi sauti. Koa yenye mistari ya kawaida inaweza kulia vizuri sawasawa.

Sauti yake iko katikati. Ni nzito kuliko sprusi, kilo 600 hivi, kwa hiyo noti haitoki kwa haraka ileile. Ila ina utamu kule juu, ung'avu fulani, na chodi inapopigwa noti zake zinashikana vizuri. Ukisikia ukulele ya Hawaii ikakukaa akilini, mara nyingi ndiyo hii.

Ya nne ni mahogani. Kampuni ya Martin kule Pennsylvania ilipoanza kuuza ukulele zake mwaka 1916 ilichagua mahogani, na wengi wakafuata. Mahogani asilia ni ya Amerika ya Kati na Kusini, na tangu 2003 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Huku kwetu Afrika tuna mkangazi, wa familia hiyohiyo, ambao nao hutumika kwa ala. Sura yake ni kahawia nyekundu, imetulia, haina makeke. Uzito unakaribiana na koa lakini sauti haifanani: hapa unasikia noti yenyewe tu, haina mlio mwingi unaoelea juu yake. Kavu kidogo, ya katikati, inakatika mapema. Mtu akiipiga peke yake ataiona pungufu. Sasa niimbe nayo kidogo... Umeona inavyoniachia nafasi? Sauti ya mtu inakaa juu, ukulele inakaa chini yake, hazigombani. Kwa mwimbaji, mimi namshauri hii kabla ya zote, na mara nyingi bei yake iko chini ya koa kwa mbali.

Kuna pia za mwembe. Ndiyo, mwembe huu huu wa maembe, Hawaii wanautumia sana. Mbao nyingine zina mistari myeusi iliyochorwa na kuvu mti ulipoanza kuoza, zinapendeza mno. Sauti iko jirani na koa, laini zaidi kidogo. Sina hapa leo, kwa hiyo naishia hapo.

Kabla hujatoa pesa, angalia kama uso ni mbao nzima au ni plaiwudi iliyobandikwa ngozi nyembamba ya koa juu. Kibandiko kikisema "koa" hakijakwambia kitu. Tazama ukingo wa tundu kwa tochi ya simu. Mistari ya juu ikishuka ikapita mpaka chini, ni mbao nzima. Ukiona matabaka yamelaliana, mara nyingine la katikati rangi tofauti, hiyo ni plaiwudi, na sauti yake ni ya plaiwudi hata ukipenda rangi. Tofauti hii ni kubwa kuliko ile ya koa na mahogani. Na muuzaji akikataa usichungulie, toka dukani.

Lakini plaiwudi nisiitukane, kwa sababu ya hewa yetu. Video nyingi za ng'ambo zitakuhimiza uweke kifaa cha kuongeza unyevu ndani ya kasha. Kwa Mombasa ni kinyume! Ala hizi hutengenezwa kwenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55 hivi, na hapa hewa mara nyingi iko juu ya 70, masika ndiyo usiseme. Mbao nzima hunywa unyevu huo na kuvimba kuliko plaiwudi. Uso unatuna, daraja linainuka nalo, nyuzi zinakaa mbali na shingo, vidole vinauma, na sauti inakuwa butu. Mtu hudhani ukulele imeharibika. Weka ndani ya kasha vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vibadilishe vikishiba, na ununue kipima unyevu kidogo, si ghali. Ukisafiri nayo Nairobi miezi ya kiangazi, au ukilala nayo chumba cha AC, vitoe vipakiti hivyo, maana huko itakauka kwa ghafla, na uso unaokauka ghafla hupasuka kufuata mstari wa mbao. Sprusi na seda ndizo zinazonitia hofu zaidi. Wala usiiache garini juani, gundi ya daraja hulegea.

Kwa hiyo ukienda ufuoni Nyali na marafiki, chukua ya plaiwudi. Mchanga, chumvi, jua, mtoto kaiangusha, itavumilia. Ukirudi futa vigingi na nyuzi kwa kitambaa kikavu, chumvi inakula chuma cha vigingi. Hizi nne zangu hazivuki daraja la Nyali.

Maswali yaandikeni hapo chini. Na mwenye ukulele ya mwembe hapa mjini, tafadhali niandikie, nikuletee maikrofoni mpaka nyumbani kwako.