Mlango wa maktaba yetu, na duka lililofuta vitabu vya watoto

Naanza na zuri lao, mtu asije akasema nimeandika kwa hasira tupu. Stika yenyewe waliyotuchapia ya kufunika mlango ni nzuri. Imepigwa na masika yote, na mvua za Tanga wenyeji mnazijua: ubao ulivimba mpaka mlango ukawa unakwaruza sakafu. Stika haijainuka pembeni, haijachanika, na rangi hazijapauka. Kwa uchapaji peke yake ningewapa nyota nne bila kusita.

Lakini sikwenda pale kununua rangi.

Shule yetu ya msingi imepata maktaba, chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Mlango wake ni bapa, hauna nakshi wala panele, na ulikuwa umepakwa kijivu. Watoto walikuwa wanaupita kama ukuta. Tukakubaliana mlango mzima uwe rafu ya vitabu, juu mpaka chini, uwe tayari tarehe 23 Aprili, siku ya kimataifa ya vitabu iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995. Na majina ya kwenye migongo ya vitabu tukawaachia watoto wachague kwa kura.

Mngewaona siku ile! Hekaya za Abunuwasi ziliongoza kwa mbali, ndiyo maana zikapewa mgongo mnene kuliko yote. Alfu Lela Ulela ikafuata, na Mashimo ya Mfalme Suleiman. Mimi nilidai mawili tu, Adili na Nduguze na Kusadikika, kwa sababu Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapahapa Tanga, mwaka 1909, na sioni vipi maktaba ya Tanga iwe na mlango wa vitabu asiwemo yeye. Migongo mitatu tuliiacha mitupu makusudi. Hiyo ni ya hadithi ambazo watoto wenyewe wanatunga kwenye madaftari; ikikamilika moja, jina lake linapanda mlangoni.

Mwalimu mwenzangu wa sanaa akachora yote. Nikapeleka mchoro dukani pamoja na vipimo vya mlango, na mahali pa kitasa na bawaba nimepaonyesha. Wakautazama, wakasema unatosha, wakapokea nusu ya fedha.

Siku ya kuchukua, wakakunjua stika juu ya meza. Rafu ipo. Vitabu vipo. Ila ni vitabu vya ngozi vya kizamani, vyekundu na kahawia, vina michirizi ya dhahabu na herufi ambazo hata ukisogeza macho husomi kitu, kwa sababu si herufi, ni madoa. Picha ya kuokota kwenye intaneti. Abunuwasi hayupo. Shaaban Robert hayupo. Ile migongo mitatu ya watoto imejazwa.

Nikauliza kulikoni. Yule bwana wa kaunta, ambaye ndiye mwenye duka, akanijibu huku anabonyeza simu: mchoro wenu ukikuzwa ulikuwa unatoka na ukungu, tukaweka kitu cha kisasa. Namba yangu mnayo, mbona hamkunipigia? Hapo ndipo akanyanyua uso.

"Mwalimu, huo ni mlango tu. Nani atasimama pale asome mgongo wa kitabu?"

"Watoto," nikamwambia.

Akacheka. Akamgeukia mteja mwingine, kana kwamba mimi nimeshaondoka. "Watoto wa siku hizi wanasoma? Wanajua simu."

Nimelifikiria neno lile mara nyingi kuliko linavyostahili. Mtu anakula kwa kuchapa maandishi, halafu anaamini maandishi hayasomwi! Na anayasema hayo pwani, mahali ambapo mlango umesomwa miaka na miaka. Vuka hapo Unguja, Mji Mkongwe, uangalie vizingiti vya juu vya milango ya kuchonga. Utakuta aya za Kurani, utakuta na mwaka. Mgeni anasimama, anasoma, ndipo anabisha hodi. Sisi hatukuomba jambo geni.

Kuchapa upya akakataa, labda nilipe tena bei nzima. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nikaichukua hivyohivyo.

Kijana wao aliyekuja kubandika ni mtu wa namna nyingine kabisa, na hapa hukumu yangu inaanza kunisumbua. Aliniamkia, akaupapasa mlango kwanza, akaupiga msasa palipokuwa na rangi iliyobanduka, akaufuta kwa spiriti na kuuacha ukauke. Kitasa alikifungua, hakukata stika kukizunguka kama wanavyofanya wengi. Akaanza juu, anachuna karatasi ya nyuma kidogokidogo, anasukuma hewa itoke kwa kipande cha plastiki kilichovishwa kitambaa. Viputo vilivyobaki akavitoboa kwa sindano. Pembeni akapasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele ili gundi ishike. Kazi safi.

Watoto wakaja kuangalia. Mmoja wa darasa la nne akatafuta chini, akatafuta juu, kisha akauliza: "Mwalimu, Abunuwasi yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kijana alinyamaza, akakusanya vifaa vyake, akaondoka. Jioni akarudi, hakuitwa na mtu. Alikuwa amekata herufi kwa mabaki ya stika, nyeupe na manjano, jina moja baada ya jingine, kutoka kwenye ule mchoro wetu. Akafunika madoa yale yote. Abunuwasi akapata mgongo wake mnene. Mitatu ya watoto akaifunika kwa nyeupe tupu, ya kuandikwa kwa maka peni. Nilitaka kumlipa, akakataa, akasema naye alijifunza kusoma kwa Abunuwasi.

Nyota tano, nikasema. Duka lenye kijana kama huyu nitalisamehe.

Sasa juzi nimetumiwa picha. Mlango wetu, wenye herufi zake za manjano, umewekwa na mwenye duka kwenye ukurasa wa biashara yake kama mfano wa kazi zao, na amesema wanazingatia kila anachotaka mteja. Nikampigia. Akanijibu kwamba kazi ya fundi ni kazi ya ofisi. Nikamuuliza kama kijana alilipwa kwa jioni ile. Akasema mabaki yale yalikuwa mali ya duka, na hilo ataongea naye.

Ataongea naye! Mtu aliyeokoa jina lake!

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana. Bwana yule aiondoe picha, au aandike chini yake nani alikata zile herufi na kwa nini zilihitajika, tena amlipe. Walimu mnaotaka mlango kama wetu, msitoe shilingi kabla hamjaonyeshwa nakala ndogo iliyochapwa na kuisoma jina kwa jina. Na kijana huyo akifungua duka lake, nitaandika tena hapa, na mlango wa ofisi ya walimu nitampa yeye.