Kukodi Lamborghini Huracán Dubai: kwa madogo mnaoziota hizi gari

Naanza na jibu ili mwenye haraka asome aende zake. Kama we ni kijana unaota kumiliki supakaa na ukabahatika kufika Dubai, iwe kikazi au unapita tu, kodi moja kwa siku moja kabla hujaamua jambo lolote kubwa la maisha kwa ajili ya hiyo ndoto. Kabla hujaacha chuo, kabla hujakopa, kabla hujamtumia hela mtu wa forex, ile biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni. Gari naipa nyota 5 kati ya 5. Kampuni niliyokodi naipa 3, na jina sitaji kwa sababu niliyokutana nayo pale yapo kwa wengi wa biashara hii, ukishajua cha kuangalia utakuwa salama popote utakapokodi.

Mi nipo upande wa Jebel Ali, kazi za maghala na mizigo, na madogo wa nyumbani wakishajua tu nipo Dubai swali la kwanza ni magari. "Bro nisomee nini nije kuwa na Lambo." Nimeulizwa hilo na watoto wa kidato cha nne, nimeulizwa na watu wazima wenye familia. Nikaona badala ya kuwajibu maneno ya kusikia, bora nikae kwenye usukani wenyewe ndo niongee.

Gari basi. Huracán ilitoka 2014 wakaacha kuitengeneza 2024, injini ni V10, yani silinda kumi, ya lita 5.2, haina tabo (ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini), imekaa nyuma ya mgongo wako kabisa, na niliyopewa mimi ni toleo la EVO, hospawa 640, yani nguvu za farasi. Kuwasha kuna kifuniko chekundu unakiinua kwanza ndo unakutana na kitufe, na ikiwaka unaisikia kwenye kiti, yani mwili mzima unajua kuna kitu kimeamka nyuma yako. Indiketa haipo kwenye ule mkono wa pembeni tuliozoea, ni kitufe kwenye usukani unakisukuma kwa dole gumba, na mwanzoni unakitafuta hasa kwenye mzunguko. Sehemu ya chini ya usukani kuna swichi imeandikwa ANIMA, ya kuchagua gari itembee vipi, ina Strada, Sport na Corsa. Strada unaongea na uliyekaa naye kawaida tu, gia zinabadilika zenyewe taratibu, mama yako angeweza kuiendesha kwenda sokoni. Ukiweka Sport sauti inafunguka, na ukiachia mafuta nyuma inapasua milio ambayo hamna video imewahi kuinasa vizuri, nawaambia kweli. Corsa nimeigusa kidogo tu kwa sababu ile ni ya kwenye uwanja wa mbio, barabarani haina kazi.

Kuhusu spidi, wanasema sekunde 2.9 kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa. Naamini. Nilipita geti la Salik, yale ya kulipia barabara, njia ikiwa tupu nikakanyaga, nikafika spidi inayoruhusiwa kabla sijamaliza kuvuta pumzi, halafu ikabidi niachie. Hapo ndo nataka mnielewe, hii gari inamaliza kila kitu barabara inachokuruhusu ndani ya muda mfupi sana, baada ya hapo unatembea sawa na wenzako. Saa kumi na moja jioni Sheikh Zayed Road nilikuwa kwenye foleni pembeni ya Nissan Sunny na tulifika taa za mbele pamoja.

Vitu vingine vya kujua kabla hujakaa humo: nyuma huoni vizuri, unategemea kamera. Buti ipo mbele, inaingia begi moja dogo. Gari ipo chini, kila tuta unabonyeza kitufe cha kuinua pua halafu unapita kwa upole, na mlango wa paking za ghorofani unakupa mawazo. Mafuta inataka Super 98, yale ya juu kabisa kituoni. Nayasema haya bila kuiponda, naipenda hii gari kuliko gari yoyote niliyowahi kuigusa, ila kuishi nayo kila siku ni habari nyingine kabisa na picha hazikuonyeshi hilo.

Sasa hela. Kwa siku nililipa dirham 2,200, kama dola 600 hivi, na juu yake VAT 5%. Halafu kuna dipoziti, wanaizuia kwenye kadi, dirham 5,000, na hapa ndo nyota mbili zilipopotea. Waliniambia dipoziti inarudi baada ya wiki mbili, ikazidi, nikipiga naambiwa wanasubiri faini zionekane kwenye mfumo. Ikaja imekatwa hela ya kila geti la Salik kwa bei yao wenyewe na sio ile dirham 4 au 6 ya kawaida inayotegemea saa, na mkwaruzo kwenye rimu ambao nilikuwa nimeurekodi video asubuhi ninapokabidhiwa gari. Ile video ndo iliniokoa, niliwatumia wakarudisha hela ya rimu siku hiyohiyo. Kwahiyo rekodi video, zunguka gari yote, rimu zote nne, chini ya bampa ya mbele, kioo, viti, dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, na aliyekuletea gari asikike akikubali. Pia wakikuambia acha pasipoti kama dhamana kataa, tafuta wengine. Na soma kwenye mkataba bima inabeba nini na wewe unabeba kiasi gani ukigonga, hicho kiasi cha kwako kwenye gari za namna hii sio hela ya mchezo.

Kamera za barabarani nazo msizichukulie poa. Dubai wanakuachia kilomita 20 juu ya kibao, ukivuka mpaka Abu Dhabi hamna hiyo huruma tangu 2018, kibao kikisema 140 ni 140. Ukizidisha spidi kwa zaidi ya kilomita 60 faini ni dirham 2,000, pointi 12 kwenye leseni na gari inazuiwa siku 30, na mikataba mingi inasema siku zote gari ikiwa imezuiwa wewe unaendelea kuilipia kodi. Piga hesabu ya siku 30 mara 2,200. Kijana anaweza kuharibu miaka yake ya kazi hapa kwa sekunde chache tu, na haya sio ya kutisha watu, yapo kwenye karatasi unayosaini.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike haya yote. Naenda kurudisha gari, pale Al Quoz, nakuta vijana watatu wanakodi kwa saa. Sio kuendesha. Wanataka gari isimame mbele ya jengo zuri wapige picha na video, wana shati za kubadilisha kwenye begi, mmoja ana saa mbili mkononi. Jamaa wa ofisini akaniambia hawa ndo wateja wa kila wiki, wengine wanafundisha watu kutajirika mtandaoni. Wadogo zangu, ile picha ya "mwaka jana nilikuwa silali, leo naendesha hii" mnayotumiwa kwenye magrupu ya WhatsApp ili mlipie kozi ya forex, ufunguo wake inawezekana ndo huu niliokuwa nao mimi asubuhi, na mimi ni mtu wa maghala. Kuna watu nyumbani wameuza kiwanja cha baba kwa ajili ya picha kama hiyo. Naumia sana nikifikiria hilo. Mtu akikuonyesha gari kama ushahidi kwamba biashara yake inalipa, muulize biashara yenyewe inafanyaje hela, gari haijibu hilo swali.

Na palepale, kwenye uwanja huohuo, kuna kijana wa Tanga. Yeye ndo aliniletea gari asubuhi na yeye ndo aliipokea jioni. Amesoma umekanika VETA, akaja huku akaanzia kwenye gereji kubandika ile plastiki ngumu ya kulinda rangi, kazi ya subira kweli, kipande kimoja unaweza kukirudia mpaka mkono unakufa ganzi. Sasa hivi anakagua magari yakirudi, anayapeleka sevisi, anayafikisha kwa wateja. Huyu dogo ameendesha Huracán, Urus (Lambo nyingine), Ferrari na McLaren kuliko wamiliki wengi, maana wamiliki wengi gari inakaa chini ya jengo imefunikwa turubai. Nikamuuliza unatamani kuwa nayo yako, akajibu anatamani kuwa na gereji yake Tanga. Alijibu bila kufikiria, inaonekana hilo jambo alishalimaliza moyoni siku nyingi.

Kwahiyo yule anayeniuliza nisomee nini, mi namgeuzia swali, unapenda nini hasa kwenye hiyo gari? Siku moja ya kukodi inakujibu hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kama muda wote ulikuwa unaangalia nani anakuangalia, basi unapenda kuonwa, na hilo lina njia za bei nafuu zaidi na usilipangie maisha. Kama ulikuwa unasikiliza injini na kujiuliza kwanini gia inabadilika haraka hivi bila klachi ya mguu, we ni fundi, nenda kasome. Kama ulichopenda ni kona, kuna kazi za udereva na ualimu wa udereva. Kama ulipenda umbo lake ukawa unapitisha mkono kwenye bodi, kuna ubunifu na kuna kazi za vifaa vya kaboni, zile nyuzi nyepesi na ngumu za kutengenezea bodi.

Mfano ninaoupenda ni Horacio Pagani, mtengenezaji wa supakaa. Kazaliwa Argentina 1955, mtoto wa muoka mikate, kaenda Italia miaka ya 80 akaingia Lamborghini kwenye kazi za chini kabisa. Akaikamata kaboni mpaka akawa mtu wao wa kutegemewa, akawashauri wanunue oveni kubwa ya kuichomea ile kaboni, wakakataa, akakopa akanunua yake. Baadaye akafungua kampuni yake na mwaka 1999 akaitoa supakaa yake, Zonda. Leo matajiri wanapanga foleni kwake. Huyu hakuanza kwa kutafuta hela ya kununua gari, alianza kwa kuijua gari mpaka ndani.

Na kwa mafundi nawaambia kitu kimoja, msibaki kwenye injini peke yake. Aliyechukua nafasi ya Huracán anaitwa Temerario, V8 yenye tabo mbili na mota tatu za umeme, hospawa 920. Revuelto ya 2023, Lambo nyingine, nayo ni V12 na mota tatu. Bugatti tangu 2021 ipo kwenye kampuni moja na Rimac, watengenezaji wa magari ya umeme, na mwanzilishi wao Mate Rimac alianza na BMW yake ya zamani, injini ikafa kwenye mashindano akaibadilisha kuwa ya umeme kwenye gereji. Fundi atakayehitajika ni anayejua umeme wa volti kubwa na kompyuta ya gari, na mwanzo wake unaupata nyumbani bila Lambo hata moja, Noah na Prius za haibridi, zile za mafuta na umeme pamoja, zimejaa Dar na betri zake zinasumbua watu kila siku. Anza hapo.

Kwa anayesema mi nataka kuwa nayo kabisa, nyumbani, sawa, ndoto ni yako ila ijue bei yake. Gari ya injini kubwa ikiingia Tanzania ushuru wa forodha ni 25%, juu ya jumla hiyo ushuru wa bidhaa 10%, juu ya jumla hiyo tena VAT 18%. Gari yenye thamani ya dola 200,000 mpaka inafika bandarini, hizo kodi tatu peke yake zinakuwa dola 124,500, tozo nyingine hazijaingia. Wa Kenya nao wajue usukani wa kushoto hausajiliwi na gari iliyozidi miaka 8 haiingii, na za Dubai ni usukani wa kushoto. Halafu ukishaitoa, fikiria matuta ya mtaani kwenu, fikiria Super 98 utaipata wapi, fikiria nani ataifungua gia ikigoma. Mwenye biashara inayobeba hayo yote anunue kwa furaha zake na mimi nitakuja kupiga nae picha.

Kwa wanaotaka kukodi, njooni kati ya Novemba na Machi, joto limepungua. Kama una viza ya ukazi lazima uwe na leseni ya huku, mgeni anatembea na leseni ya kimataifa pamoja na ya kwao, na wengi hizi gari hawampi aliye chini ya miaka 25 kwahiyo ulizeni kabla hamjalipa. Mkataba wangu ulikuwa na kilomita 250 kwa siku, na barabara nzuri kuliko zote ni ile ya kupanda Jebel Jais kule Ras Al Khaimah, ambayo kutoka Dubai kwenda na kurudi inazidi hizo kilomita, basi panga bei ya ziada kwanza kabla hujatoka. Na kama shida yako ni kuikimbiza kweli, usikodi ya barabarani, nenda Dubai Autodrome pale Motor City, barabara ya mbio ya kilomita 5.39, unakaa na mwalimu pembeni, hamna kamera wala Salik, na kona zake zitakuambia kama una mkono wa udereva au hauna.