Soketi saba za Kisekka: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Nina gereji ndogo Tororo, kando ya barabara ya Malaba. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori, na Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho siku nzima. Kwa miaka mingi nilifanya kazi na seti moja ya soketi za kawaida za kufungulia nati, namba (yaani milimita) 8 hadi 32, na kilichozishinda nilikimaliza kwa nyundo na patasi.

Mwaka jana nilikwenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kutafuta gasketi. Kwenye kibanda kimoja nikaona trei ya bati yenye soketi zilizoachana na seti zake, zimetumika, nyingine bado zina grisi ya mwenyewe wa kwanza. Muuzaji akaniambia, "Chukua zote saba ssebo, hizi hakuna anayeziulizia." Alianzia shilingi 180,000, tukakubaliana 120,000. Nimezitumia mwaka mzima, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyaona kwa mikono yangu.

Iliyorudisha pesa yote peke yake ni ile ya magurudumu ya Fuso na Isuzu. Mdomo wake ni pembe sita wa milimita 41, lakini ukimulika ndani unaona mraba wa milimita 21. Asiyefunga tairi za nyuma za malori ya Kijapani ya zamani hawezi kujua kwa nini. Pale tairi mbili zinakaa pamoja. Ya ndani inashikwa na nati ndefu yenye kichwa cha mraba, na nati hiyo ina meno ndani na nje. Tairi ya nje inavaa juu yake, kisha inafungwa na nati kubwa ya 41. Shida inaanza unapofungua ile kubwa na ile ya mraba ikazunguka nayo. Hapo bila mraba wa 21 huna la kufanya.

Lori la kwanza nililolifungua kwa soketi hiyo lilikuwa limebeba mahindi, tairi ya ndani nyuma kushoto imepasuka. Tanboi, msaidizi wa dereva, alikuwa ameshapinda paipu mbili. Nikamwuliza, "Umezungusha upande gani?" Akasema, "Wa kufungulia, fundi." Nikampangusia bolti, tukaiona herufi L imegongwa kwenye ncha. Upande wa kushoto wa magari hayo meno yako kinyume, unafungua kwa kuzungusha kama unayekaza. Alikuwa anazikaza tangu alfajiri! Tulizimaliza nati zote kwa dakika arobaini hivi. Na wakati wa kukaza upya, usisahau kulegeza kwanza ya nje kabla ya kuikaza ya mraba, kwa sababu ya nje ikiwa imebana, ya ndani itakudanganya kwamba imekaza.

Ya pili kwa thamani ni 54, ya habu (vitovu vya magurudumu) za mbele za Land Cruiser na Hilux za zamani. Huku kwetu karibu kila fundi anaifungua nati hiyo kwa patasi, na nimefanya hivyo mwenyewe mara nyingi. Nati inang'oka pembe, vipande vya chuma vinaingia kwenye grisi ya beringi, na mteja anarudi baada ya miezi michache na mlio uleule. Sifanyi tena. Ila soketi hii nayo ilikuja na kasoro: mdomo wake umechongwa mteremko kwa ndani, kama soketi nyingi, na nati ya habu ni nyembamba, kwa hiyo inashika ukingo tu na kuteleza. Nilimpelekea mchonga vyuma akausawazisha mdomo hadi ukawa bapa kabisa. Sasa inakaa kama imezaliwa nayo. Ukinunua ya kwako, iangalie hapo kwanza.

Ya tatu ilikuwa imeandikwa 1/2 W, nami nikaichukua kwa kuwa ilikuwa ndani ya bei ya zote saba. Siku moja nikaitwa kwenye kinu cha mahindi chenye injini ya Lister ya Uingereza. Soketi ya 23 haikuingia, ya 24 ikaanza kula pembe. Ile W ikaingia bila kulazimishwa. Hiyo ni Whitworth, kipimo cha bolti na nati alichokipendekeza mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, na namba yake inahesabu unene wa bolti, haihesabu upana wa kichwa. Ndiyo maana nusu inchi hiyo ina mdomo wa milimita 23.4 hivi. Kama eneo lako lina vinu vya zamani, soketi za W zitafute moja moja kila ukipita Kisekka.

Zilizobaki nazisema haraka. Ya plagi za injini, namba 16, ni nzuri, ila mpira wa ndani ulikuwa umekufa. Nimeweka kipande cha tyubu na inashika. Yenye meno ya kujipinda ndani, ya kutolea nati zilizolika, imeniokoa mara tatu kwenye ekzosi. Ya sensa ya oksijeni, 22 yenye mpasuko wa kupitisha waya, ilifunguka mdomo kwenye kazi ya pili. Ukuta wake ni mwembamba na sensa iliyoungua haina huruma. Ukiipata yenye ukuta mnene, lipa zaidi.

Ya saba ni ile yenye pini nyingi ndani zinazorudi kwa springi, wanayosema inafungua kila kitu. Usiinunue. Kwa skrubu za kiti sawa, lakini nilipoitia kwenye nati yenye kutu, pini zikapinda na nati ikalika.

Nyongeza kwa wenye mashine ya upepo ya kufungulia nati: soketi zinazong'aa zikae na racheti, kwenye mashine tumia nyeusi nene. Hiyo ya 41 yangu ni nyeusi, na hadi leo haina ufa. Nikirudi Kisekka natafuta 27 ndefu yenye ukuta mwembamba, ya nozeli za dizeli za Toyota.