Kamusi za mfukoni za Majengo: neno "fine" linazishinda

Kamusi ndogo za Kiingereza na Kiswahili zinazouzwa kandokando ya Soko la Majengo, Dodoma, zina herufi zinazosomeka na zinaingia mfuko wa shati. Sifa zake zinaishia hapo.

Chukua "fine". Nyingi zinaandika "-zuri, faini" basi, bila hata sentensi moja ya mfano. Hasara yake utaiona saiti ya ujenzi. Mchoro ukiandikwa "fine aggregate", mwenye kamusi hii atasoma "kokoto nzuri", aagize kokoto safi zilizochaguliwa, kumbe kinachotakiwa ni mchanga: chembe zinazopita kwenye chekeche la milimita 5. Hapo "fine" ni udogo wa chembe, uzuri haumo kabisa.

Ukiwa nayo tayari, usianze na kamusi, anza na sentensi. Tazama jirani za neno. Likitanguliwa na "a" na karibu yake pana kiasi cha fedha, ni faini. Likiwa na "-d" mwishoni, mtu katozwa. Likitangulia unga, mchanga au vumbi, ni laini. Likimhusu mtu baada ya "I am", hajambo. Gumu zaidi ni "I'm fine, thanks" la mtu anayekaribishwa chai: hapo anakataa kwa adabu, usimmiminie.

Kabla ya kulipa, fungua "fine" na "run". Ukikuta maana mbili tu bila mfano, irudishe mezani.