Nililipa dola 12 kuambiwa bei ya mdoli wa porseleni

Huduma yenyewe siitaji jina, ila ukitafuta mtandaoni pa kuthaminisha midoli ya mapambo utakutana nayo upesi. Unatuma picha nne, unalipa dola 12 kwa kadi, unasubiri siku mbili. Kwa hela ya Kampala hizo ni kama shilingi 44,000. Mdoli wenyewe niliununua kwenye soko la mitumba la Owino kwa shilingi 15,000, kwa hiyo hesabu ya akili yangu mnaiona.

Ulitoka kwenye belo, yaani robota la mitumba, la vichezeo, umebanwa katikati ya dubu wa manyoya. "Nyabo, huu si wa kuchezea watoto, uinue uone uzito," muuzaji akaniambia, na hapo hakudanganya. Niliuweka shavuni, wa baridi; plastiki haina ubaridi ule. Nikaugonga kwa kucha ukalia kama kikombe cha chai. Kichwa, mikono hadi viwiko na miguu hadi magoti ni porseleni ile isiyong'aa, na kiwiliwili ni kitambaa kilichojazwa. Nyumbani nikainua nywele nyuma ya shingo: jina la Ashton-Drake, kampuni ya midoli ya Marekani, mwaka 1992, na namba.

Namba ndiyo iliyonitia tamaa, nikadhani imetengenezwa michache tu. (Mama mkwe hakutiwa tamaa yoyote, aliona macho yale ya kioo akaugeuza uangalie ukutani, na mpaka leo kila nikiugeuza, anaurudisha.)

Ripoti ilikuja nadhifu, kurasa mbili. Kampuni waliitambua, jambo lisilo gumu kwa kuwa niliwaandikia mwenyewe. Wakasema ni toleo maalumu, thamani dola 180. Usiku ule nilishapanga kununua cherehani.

Asubuhi nikaingia eBay, nikachagua kuona vitu vilivyokwisha kuuzwa tu. Hapo ndipo ndoto ilipokatika. Mdoli kama wangu, ukiwa na boksi na cheti chake, umeuzwa dola 22, mwingine 15. Ule wa dola 180 upo kweli, lakini bado unasubiri mnunuzi. Wathamini wangu walichukua bei anayoitaka muuzaji wakaiita thamani. Kazi hiyo naifanya bure kwa simu yangu.

Ukifikiri kidogo unaona sababu. Midoli hii ya miaka ya 1980 na 1990, ya Ashton-Drake, Franklin Mint, Danbury Mint na wenzao, ilitangazwa magazetini Marekani kama kitu cha kuweka akiba. "Toleo maalumu" maana yake ni idadi yenye kikomo, lakini mara nyingi kikomo kilikuwa siku za kuchoma tanurini, si hesabu ya midoli, na tanuri kwa siku moja hutoa mingi. Walionunua hawakuichezea, waliitunza na maboksi yake. Sasa warithi wanaiuza yote kwa pamoja, na wa kuitaka ni wachache. Wangu umefika Owino bila boksi wala cheti, kwa hiyo hata hiyo 22 ni ya kuota.

Wengine husikia porseleni wakadhani ni ya kale. Ile ya kale ya Ujerumani, ya Armand Marseille kwa mfano, huwa na alama zake shingoni, na mara nyingi jina la nchi, kwa sababu sheria ya Marekani ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka kuanzia 1891. Wa kwangu umeandikwa 1992 waziwazi. Hakuna fumbo la kulipia.

Kilichoniudhi zaidi ni ufa. Nilibandua wigi, nikatia tochi ya simu ndani ya kichwa gizani, na mstari mwembamba kama uzi ukajitokeza kutoka sikioni kwenda kisogoni. Ufa kama huo huangusha bei hata ya mdoli adimu. Ripoti haikuutaja, wala hawakuwahi kuniuliza. Nilipowaandikia wakajibu kwamba picha hazikuonyesha, kisha wakanipa punguzo la nusu kwa mdoli wa pili.

Nyota moja kwa kuwa walijibu kwa wakati. Mdoli nimeufulia gauni, nikaurudishia wigi, nikaununulia kiti kidogo cha mti, na dada mmoja wa Ntinda ameuchukua kwa 50,000 baada ya kumwonyesha ufa. Alichouliza ni kama macho yanafumba. Hayafumbi.