Kuegesha domeni kwa Sedo: senti za waliopotea njia

Sedo ya Köln, Ujerumani, inajulikana zaidi kama soko la kuuzia majina ya domeni, yaani anwani za tovuti kama zile za .com. Tunachopima hapa ni huduma yake nyingine, ya kuegesha: una jina hujalijengea tovuti, unalielekeza kwao, wao wanaweka ukurasa wa matangazo na mapato ya mibofyo mnagawana. Kujiunga ni bure, na hapo ndipo wengi hunasa.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Ingia kwa msajili wako (kampuni uliyolisajilia jina), ondoa seva za majina zilizopo (kompyuta zinazoeleza jina linaelekea wapi), andika ns1.sedoparking.com na ns2.sedoparking.com, kisha kwenye akaunti ya Sedo chagua neno kuu la kila jina. Kwa .com, seva za njiani zinaweza kushikilia anwani ya zamani hadi saa 48, kwa hiyo usishangae jirani akiona matangazo wakati wewe bado unaona ukurasa wa jana. Cha kuogopa ni barua pepe. Rekodi za MX, zinazoeleza barua za jina zipelekwe wapi, hukaa kwenye seva za majina ulizoziacha na hazihami nawe. Ndani ya siku mbili info@ ya duka itakuwa bubu. Jina lenye barua pepe hai usiliegeshe kabisa.

Mapato? Ukurasa wa kawaida wa aina hii una hatua mbili. Mgeni anakuta viungo vitano au sita, "bima ya gari", "mikopo ya haraka". Akibofya, anapelekwa kwenye orodha ya matangazo, na pesa inaingia akibofya tena huko. Mbofyo wa kwanza haulipi kitu. Sasa piga hesabu: jina linakugharimu dola 12 kwa mwaka, tuseme mbofyo unakuletea senti 10. Unahitaji mibofyo 120 ya hatua ya pili ili urudishe ada tu. Jina ulilolibuni mwaka jana halina watu hao. Wanaokula hapa ni wenye majina mengi ya maneno ya kawaida yaliyosajiliwa zamani (mwaka 2004 Marchex ya Marekani ilitangaza kununua rundo la majina zaidi ya 100,000 kwa takriban dola milioni 164) na wale wanaosajili majina ya wenzao yaliyokosewa herufi moja. Hao wa pili wajue kwamba kuweka matangazo kwenye jina linalofanana na chapa ya mtu ni ushahidi wa nia mbaya katika kesi za UDRP (utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro ya majina ya domeni), na hukumu yake ni kunyang'anywa jina.

Soko lenyewe nalo limenyauka. Desemba 2011 Google ilitangaza kichujio kipya cha kuzitambua kurasa hizi na kuziondoa kwenye matokeo ya utafutaji. Kufikia 2025 ikageuza mpangilio wa matangazo: mtangazaji akawa hawekwi kwenye domeni zilizoegeshwa mpaka aombe mwenyewe.

Lakini hasara kubwa anaibeba msomaji. Chukua kiungo kinachoelekea /ratiba-2016.pdf ya chama kilichoacha kulipia jina lake. Jina likifutwa, kiungo kinakufa waziwazi na mhariri anakiona. Likinunuliwa na kuegeshwa, mara nyingi kila anwani ndani yake, hata ambayo haijawahi kuwepo, inajibu 200, yaani "ipo, salama". Programu ya kukagua viungo inapita bila kustuka, na mwanafunzi aliyefuata ratiba anakuta mikopo ya haraka. Kukagua ni rahisi: kwenye dirisha la amri la kompyuta andika curl -I na anwani, ukiongeza upuuzi kama /abc123xyz mwisho wake. Tovuti iliyotengenezwa vizuri hujibu 404, yaani "haipo". Ukipata 200, fuatisha dig NS na jina, amri inayoonyesha seva zake za majina; ukiona sedoparking.com, bodis.com au parkingcrew.net, badilisha kiungo kiende kwenye nakala ya Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao.

Mwenye jina naye achunge tarehe. Domeni ya .com ikiisha muda, msajili anaweza kuishikilia hadi siku 45, na mara nyingi huiwekea matangazo yake hapo hapo. Zinafuata siku 30 za kuikomboa kwa ada ya juu, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, ambapo huwezi tena kuiokoa.

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za urahisi wa kuweka. Mwenye majina machache atafaidika zaidi na ukurasa mmoja wa HTML wenye sentensi mbili: jina ni la nani, na kama linauzwa, bei yake. Kama jina halitumi wala kupokea barua, weka kwenye seva zake za majina rekodi ya MX ya "0 .", rekodi ya TXT ya "v=spf1 -all", na TXT nyingine kwenye _dmarc ya "v=DMARC1; p=reject", ili matapeli wasitume barua kwa jina lako. Kama ni tahajia ya pili ya biashara yako, lielekeze kwa 301 (uelekezo wa kudumu) kwenye tovuti halisi.