Mashine inawaka vizuri mwaloni, ikikazwa moto inakata pumzi: uzoefu wangu Kibirizi

Boti yangu inapeleka abiria na mizigo kati ya Kibirizi na Mwamgongo, Ziwa Tanganyika. Mashine ni Yamaha ya nguvu farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili. Mwezi wa sita ikaanza visa. Mwaloni, pale ufukweni boti zinapoegeshwa, inawaka kwa mvuto mmoja na inatulia. Ukitoka taratibu, safi. Ukikaza moto inakimbia kama dakika moja, halafu inalegea, inakohoa, sauti inashuka. Ukipunguza moto inajirudi. Mama mmoja mwenye madumu ya mawese akaniuliza, "Baba, leo tunafika au tunalala Gombe?"

Fundi wa kwanza aliisikiliza akiwa amesimama mchangani, akasema kabureta. Akasafisha, akabadili plagi, elfu sitini ikaondoka. Ugonjwa uko pale pale. Niliporudi akasema basi ni pangaboi, mpira wake wa ndani umechoka. Hapo niligoma. Mpira wa pangaboi ukichoka mashine hupiga kelele nyingi huku boti haiendi, na yangu ilikuwa inapoteza sauti kabisa. Ufundi sina, masikio ninayo.

Nikasubiri mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika na mafundi wana nafasi, nikampata mwingine. Alichelewa saa mbili nzima na hakuomba radhi. Lakini spana hakushika. "Kaka, twende majini kwanza. Ugonjwa wa mwendo hauonekani nchi kavu."

Tulipofika maji ya kina akaniambia nikaze moto mpaka mwisho, yeye macho yake yako kwenye pampu ya mkono, lile yai la mpira lililo kwenye bomba la mafuta. Mashine ikaanza kulegea. Akanionyesha: yai limebonyea lenyewe, bapa kama ndala iliyokanyagwa. Mashine inanyonya, mafuta hayaji, na kizuizi kiko upande wa tangi. Yai lingekuwa limejaa, na kuliminya kukaiamsha mashine, angeshuku pampu ya kwenye mashine yenyewe.

Akakagua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, maana likifungwa mafuta hayavutiki. Lilikuwa wazi. Chujio la ndani ya tangi, safi. Basi akachukua kisu akapasua bomba. Ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka na kujikunja kama ulimi. Mwendo mdogo, mafuta yanapenya. Ukikaza moto, ulimi unavutwa unaziba.

Bomba hilo nililinunua mwezi wa nne kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko mengine yote dukani. Nje linang'aa mpaka leo. Nyota moja, na hiyo ni kwa kung'aa. Kilichonitisha zaidi ni maneno ya fundi: oili ya mashine hii inakuja ndani ya petroli hiyo hiyo, nusu lita kwa lita 25, kwa hiyo petroli ikipungua kwenye mwendo mkali na ulainisho unapungua, pistoni inaweza kukwama. Mimi nilikuwa nimeiendesha hivyo wiki tatu.

Bomba jipya la kufaa elfu arobaini na tano, ufundi elfu ishirini. Fundi nampa nyota nne, ya tano kaipoteza kwa kuchelewa. Sasa nakaza moto mpaka Mwamgongo na yai limejaa. Yule mama wa mawese bado anapanda boti ya jirani.